Maswali Tunayoulizwa Kila Tukishuka Mtaani: Wanafunzi wa Vyuo na Ustawi wa Wanyama Tanga

Sisi ni wanafunzi wa vyuo mbalimbali hapa Tanga. Mwisho wa wiki tunapita mitaani, Ngamiani, Makorora, Pongwe, wakati mwingine hadi vijiji vya Muheza, kuzungumza na watu kuhusu wanyama wanaoishi nao. Maswali haya tumeyaokota mabarazani, milangoni mwa watu, soko la Mgandini na kwenye foleni za chanjo. Mengine tuliulizwa kwa hasira, na hayo ndiyo tuliyoyajibu kwa kirefu zaidi.

## Mambo ya msingi

Ustawi wa wanyama ndiyo nini?

Ni hali anayoishi mnyama siku hadi siku: anakula nini, analala wapi, anaumwa au ni mzima, ametulia au anaishi kwa kushtuka. Wataalamu huipima kwa mambo matano. Mnyama asikae na njaa wala kiu. Awe na mahali pa kujihifadhi. Akiumia au akiugua atibiwe. Aweze kuishi kwa tabia ya maumbile yake, kuku achakure na mbuzi apande. Na asiishi kwa hofu. Mawazo haya yalianza kuandikwa Uingereza mwaka 1965, kwenye ripoti ya kamati ya Profesa Brambell iliyochunguza maisha ya mifugo inayofugwa ndani, na mwaka 1979 yakapangwa katika orodha hiyo ya matano.

Mtaani hatuanzi na orodha. Tunauliza swali moja tu: "Leo mnyama wako amekunywa maji saa ngapi?" Mara nyingi mazungumzo yote hutokea hapo.

Kwa hiyo mnataka tuache kula nyama?

Hapana. Wengi wetu tunakula nyama, samaki na mayai, na wazazi wa baadhi yetu wamewasomesha kwa maziwa ya ng'ombe wa nyuma ya nyumba. Tunachosema ni kwamba mnyama, hata yule atakayechinjwa kesho, leo yu hai na anahisi. Kuhusu kuchinja kwenyewe, soma jibu kuhusu sikukuu ya Idi huko chini.

Ninyi ni madaktari wa mifugo?

Hapana, na tunaomba hili lieleweke vizuri. Wachache kati yetu wanasomea afya ya mifugo. Wengine wanasomea ualimu, uhasibu, uuguzi. Hakuna anayemchoma mnyama sindano bila mtaalamu aliyesajiliwa kuwapo. Kazi yetu ni kupita nyumba kwa nyumba kabla ya siku ya chanjo, kuandika majina, kupanga foleni, kueleza, na kumuunganisha mfugaji na afisa mifugo wa kata.

Usituombe tukuelekeze antibayotiki ya kumchoma ng'ombe mwenyewe. Dawa hiyo hubaki kwenye maziwa kwa siku kadhaa zinazoandikwa kwenye kibandiko cha chupa, na katika siku hizo maziwa hayafai kunywewa wala kuuzwa. Mtu akikisia dozi, anayekunywa mabaki yake ni mtoto wa jirani.

Watu wenyewe hawana, ninyi mnahangaika na mbwa na punda?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na ni swali la haki. Mama mmoja wa Makorora alituuliza akiwa na ndoo ya maji kichwani, na hakuna aliyethubutu kumjibu haraka.

Tuanze na nyumba zetu za Tanga. Miaka ya 1980 mradi wa maziwa uliosaidiwa na Uholanzi uliwapa wafugaji wadogo wa mkoa huu ng'ombe chotara kwa utaratibu ambao wazee bado wanaukumbuka, wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe: unapewa mtamba, akizaa unarudisha ndama jike apewe mwingine. Katika nyumba ya namna hiyo ng'ombe ndiye ada ya shule na ndiye dawa ya bibi. Akilala kwenye tope mpaka kwato zikaoza, anayeanguka naye ni mtoto aliyekuwa aende kidato cha kwanza. Huko Handeni na Kilindi, punda akidhoofika mzigo wa maji unahamia mgongoni kwa mwanamke. Na mbwa asiyechanjwa huuma watoto kabla ya wakubwa, kwa sababu mtoto yuko chini, anakimbia, na akiumwa huogopa kusema.

Hayo ndiyo majibu ya mfukoni na ya afya, na ni ya kweli. Lakini tungekuwa tunakuficha kama tungeishia hapo. Tunaamini pia kwamba punda ambaye hakuletei hata shilingi bado anaumia akipigwa, na kwamba maumivu yake yana uzito yenyewe. Hatukulazimishi ukubali hilo leo.

Yule mama tulimtua ndoo, tukampelekea hadi kwake. Kwake kulikuwa na mbuzi wawili, nao hawakuwa wamepata maji tangu asubuhi, kwa kuwa maji yalikuwa ndiyo hayo aliyoyabeba. Toka siku hiyo hatuzungumzi habari ya mnyama kunywa kabla hatujauliza watu wa nyumba hiyo wanapata maji wapi.

Haya si mambo ya Wazungu?

Orodha ya mambo matano iliandikwa Uingereza, hilo ni kweli. Lakini mtoto wa madrasa hapa Tanga anajua kisa cha mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwachie ajitafutie, akaingia motoni kwa sababu yake. Anajua pia cha mtu aliyemkuta mbwa analamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akateka maji kwa kiatu chake akamnywesha, akasamehewa. Visa hivi vilihadithiwa pwani hii karne nyingi kabla ya ripoti ya 1965.

Na nchi ina sheria yake: Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, iliyotungwa na Bunge letu wenyewe.

## Mbwa, paka na kichaa

Mimi ni Mwislamu na mate ya mbwa ni najisi. Mnataka nifuge mbwa ndani?

Hatutaki ufuge mbwa. Hatujawahi kumwambia mtu afuge mnyama asiyemtaka, maana mnyama asiyetakiwa ndiye anayeteseka.

Sisi si mashekhe, kwa hiyo jambo hili tulikwenda kuliuliza kwa wanaolijua. Tulichoelezwa, kwa madhehebu ya Shafi iliyozoeleka pwani, ni kwamba mate na majimaji ya mbwa ni najisi na huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwamba mbwa mkavu akigusa mkono mkavu hakuna cha kuosha. Na kwamba mbwa wa kulinda, wa mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa. Zaidi ya hapo muulize imamu wako. Tuliloliona kwa macho yetu ni hili: najisi ni hukumu ya usafi wa mtu anayetaka kusali. Mahali ilipogeuzwa kuwa ruhusa ya kumpiga mbwa mawe, waliogeuza ni sisi watu.

Kuna msemo wa kwetu, ukicheza na mbwa atakufuata msikitini. Watu hutusomea tukifika na kamba za mbwa. Basi tunawajibu kwamba mbwa aliyechanjwa na kufungwa vizuri hatamfuata mtu popote, na aliyetupwa jalalani ndiye utakayemkuta mlangoni alfajiri.

Kwenye siku za chanjo, asiyetaka kumgusa mbwa hamgusi. Wenzetu Waislamu wengi wamechagua kazi ya kuandika kadi na kuongoza foleni, na baadhi wanashika kamba wakiwa na glavu. Kila mmoja ameamua mwenyewe.

Mbwa wangu hatoki getini. Achanjwe ya nini?

Kwa sababu mbwa wengine wanaingia, na geti huachwa wazi siku ya harusi na siku ya msiba. Kichaa cha mbwa hupita kwa mate, na kuumwa mara moja kunatosha. Paka naye huambukizwa na huambukiza, kwa hiyo mlete na yeye.

Nasikia mbwa akichanjwa anapoa, halindi tena.

Tumelisikia hili karibu kila mtaa. Chanjo hailegezi ukali wa mbwa. Anaweza kulala kidogo siku hiyo na kusikia maumivu pale alipochomwa, kisha anarudi kama alivyokuwa. Huenda watu wanachanganya na kuhasiwa, na hata aliyehasiwa bado anabweka mgeni akifika; kinachopungua ni kuzurura na kupigania majike.

Si mbwa koko wauliwe tu, tumalize?

Imejaribiwa nchi nyingi na kichaa hakikuisha. Mbwa wanakaa mahali kwa sababu ya chakula: jalala, machinjio, mabaki ya samaki. Ukiwaua kumi, chakula kimebaki palepale, wanahamia wengine, na jike hubeba mimba siku 63 tu kisha huzaa watoto wengi kwa mkupuo. Ndani ya miezi michache una mbwa walewale kwa idadi, isipokuwa sasa ni wachanga na hakuna hata mmoja aliyechanjwa. Kama kati ya waliouawa walikuwapo waliochanjwa, umebomoa ukuta wako kwa mikono yako.

Njia inayofanya kazi ni kuchanja angalau mbwa 70 kati ya kila 100 wa eneo, na kurudia, kwa sababu wanaozaliwa hawana kinga. Pamoja na hilo, jalala lizolewe. Mwenyekiti wa mtaa akituuliza ananunua nini kupunguza mbwa, tunamwambia aanze na taka.

Nimeumwa na mbwa sasa hivi. Nifanye nini?

Acha kusoma kwanza. Osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili. Usipake pilipili, mafuta ya taa, majani wala kahawa. Kisha nenda kituo cha afya au hospitali leo hii, ueleze kwamba umeumwa na mnyama. Kwa Tanga mjini wengi hukimbilia hospitali ya Bombo. Chanjo ya binadamu hutolewa kwa dozi zaidi ya moja, kwa tarehe utakazopangiwa. Usikatishe hata kidonda kikipona.

Usingoje kuona kama mbwa atakufa. Kama ana mwenyewe na anaweza kufungiwa salama, aangaliwe siku 10 huku wewe tayari umeanza matibabu, na afisa mifugo apewe taarifa. Dalili za kichaa huchukua mara nyingi mwezi mmoja hadi mitatu kujitokeza, na zikishatokea karibu hakuna anayepona. Kwa sababu ya ukimya huo wa miezi, watu husahau. Mtoto akikuambia ameparuzwa na mbwa wiki mbili zilizopita, bado mpeleke.

## Ng'ombe, mbuzi, kuku na punda

Ng'ombe wangu hatoki bandani maisha yake yote. Ni ukatili?

Kufugia ndani peke yake si ukatili, hasa mjini ambako kumwachia ni kumtuma akale mifuko ya plastiki na kugongwa na gari. Swali ni banda likoje. Ingia ndani, piga goti mahali anapolala. Goti likitoka limelowa na samadi, na yeye analala hivyo hivyo kila usiku, na chuchu zake zinagusa hapohapo. Ugonjwa wa kiwele hautokei mbali. Angalia kama ana nafasi ya kulala na kuinuka bila kujigonga. Angalia kwato: zikiwa ndefu zimepinda kama viatu vya zamani, mwite mtaalamu azikate.

Halafu maji. Maziwa kwa sehemu kubwa ni maji, zaidi ya asilimia 85. Ng'ombe anayekamuliwa katika joto letu anaweza kunywa zaidi ya lita 60 kwa siku, na mfugaji anayempa ndoo moja asubuhi na moja jioni hulalamika kwamba ng'ombe ameacha maziwa. Hili ni jambo tunalopenda kulifundisha kuliko mengine, kwa sababu mfugaji akiongeza maji huona tofauti kwenye kibuyu chake bila sisi kumhubiria.

Kuku anateseka akibebwa miguu juu? Mbona ndivyo tulivyowakuta wazee wakibeba?

Anateseka. Ndege hana ule msuli unaotenga kifua na tumbo kama wetu, kwa hiyo akining'inizwa, matumbo yote yanaelemea sehemu anazopumulia. Kutoka Muheza hadi Ngamiani juu ya bodaboda, miguu imefungwa kwa kamba ya katani, ni mwendo mrefu. Wengine hufika wamekufa, na muuzaji huhesabu hasara kana kwamba ni kismati.

Tumia tenga lenye nafasi, usilijaze kupita kiasi, lifunike kwa kitambaa chepesi kuzuia jua, na safiri alfajiri. Ukinunua kuku mmoja sokoni, mshike kwa kumkumbatia mabawa. Muuzaji atakushangaa mara ya kwanza.

Kuku wangu wanakufa wote kiangazi. Mna dawa?

Ukiona wanapooza shingo, wanaharisha kijani na kufa kwa pamoja, huenda ni mdondo, na mdondo hauna dawa. Una kinga tu. Chanjo ya matone inayohimili joto hutengenezwa hapahapa nchini, tone moja katika jicho moja, kila baada ya miezi mitatu. Inapewa kuku wasioumwa. Ukingoja wa kwanza afe umechelewa. Kwa kuwa chupa moja inatosha kuku wengi, tunashauri majirani wachange na kuchanja siku moja. Afisa mifugo wa kata atakuelekeza inapouzwa.

Punda si ni mnyama wa kazi? Asipopigwa ataenda?

Hebu tusikilize kwanza lugha yetu. Shukrani ya punda mateke. Afe punda mzigo ufike. Kiswahili kimempa punda lawama mbili: kwamba hana fadhila, na kwamba kifo chake ni gharama ndogo. Tulipokua tunazisema methali hizi darasani tukapewa alama, na hakuna aliyetuuliza punda alipiga teke kwa sababu gani.

Punda hupiga teke anapoumia au anapoogopa kitu kilicho nyuma yake, mahali asipopaona vizuri. Husimama ghafla kwa sababu maumbile yake, tofauti na farasi anayekimbia, ni kusimama apime hatari. Mwenye mkokoteni huona ukaidi, anaongeza fimbo, na punda anathibitisha kwamba hofu yake ilikuwa ya haki.

Hapa tuna kosa letu la kueleza. Katika mwaka wetu wa kwanza tulimkuta kwenye barabara ya kwenda Pongwe mtu anayebeba mchanga kwa mkokoteni wa punda. Punda alikuwa na kidonda kibichi kifuani. Tulikuwa sita. Tukamzunguka mwenye punda, tukamwambia mbele ya wateja wake kwamba anatesa mnyama na kwamba kuna sheria. Alitusikiliza akiwa ameinamisha kichwa, mtu wa umri wa baba zetu, na hakuna kati yetu aliyekuwa amemwamkia. Baada ya hapo kila akituona alibadili njia, na kidonda kikabaki.

Miezi miwili baadaye mwenzetu mmoja alikwenda peke yake, akasema shikamoo, akakaa. Akamwuliza yule mzee punda ana miaka mingapi. Yakatoka yote: kwamba kamba ya kifuani ilikuwa ya plastiki na inakata, kwamba alijaribu kuifunga kitambaa kikateleza, kwamba akimpumzisha siku tatu nyumbani hakuliwi. Walishona pamoja pedi ya gunia na sponji ya godoro kuukuu, wakashusha mahali kamba inapokaa isiguse kidonda. Kidonda kilifunga. Mzee huyo sasa ndiye anayewaelekeza wenye punda wengine, na anafanya vizuri kuliko sisi.

Jambo la mwisho kuhusu punda: jike hubeba mimba karibu mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja. Biashara ya ngozi za punda kwa soko la China iliwapunguza haraka kuliko wanavyoweza kuzaliana, hadi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia kuwachinja kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Ukiona punda wa jirani yako wanapotea usiku, toa taarifa.

Sikukuu ya Idi kubwa tunachinja. Mna neno?

Tuna maneno ambayo shekhe wako ameshakuambia: kisu kiwe kikali, kisinolewe mbele ya mnyama, na mnyama asichinjwe mwenzake akitazama. Tunaongeza la safari. Mbuzi hufungwa miguu minne, akawekwa kwenye buti ya gari tangu mnadani, akashushwa akiwa hoi na kuchinjwa akihema. Mnunue siku moja au mbili kabla, mpe maji na kivuli, apumzike. Na watoto wasimchezee kwa fimbo usiku wa kuamkia.

## Tunavyofanya kazi

Mkifika mtaa mpya mnaanzia wapi?

Kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa mifugo wa kata, kisha mjumbe, kisha barazani kwenye kahawa. Hatuji na vipaza sauti. Tanga ina ule msemo wake, waja leo waondoka leo, na watu wa mitaani wamechoshwa na vikundi vya namna hiyo vinavyopiga picha na kupotea. Tumejiwekea kwamba mtaa tuliouingia tunaurudia angalau mara nne kwa mwaka, hata kama ni wawili tu wanaokwenda. Ndiyo maana mitaa yetu ni michache.

Mnakuja shuleni?

Ndiyo, mwalimu mkuu akitualika. Darasa la tatu hadi la tano ndio wazuri zaidi. Tunawapa kazi ya kumwangalia kuku au paka mmoja kwa siku tatu na kuandika alichofanya. Mtoto aliyemwangalia paka siku tatu ni vigumu kumrushia jiwe. Tunawafundisha pia kujikinga: usimsogelee mbwa anayekula, aliyelala au mwenye watoto, akikujia usikimbie, simama kama mti, ukianguka jikunje kama jiwe, mikono masikioni.

Mnalipwa? Nani anawapa pesa?

Hatulipwi. Nauli tunachanga wenyewe, na chanjo ni za mamlaka za mifugo, si zetu. Mtu akikudai hela kwa jina letu, mkatalie na utuambie.

Nataka kujiunga.

Njoo, uwe unasoma chuo chochote na kozi yoyote. Ziara tatu za kwanza ni za kusikiliza tu. Ukitaka kushika mbwa, lazima kwanza wewe mwenyewe upate chanjo ya kinga ya kichaa. Wakati wa mitihani tunapumzika na hakuna anayelaumiwa.

## Maswali magumu

Nimeona jirani anampiga mnyama vibaya. Nimshtaki?

Inategemea. Nyingi ya kesi tulizoziona zilitokana na kutojua, haraka au ukosefu, na zikaisha kwa mtu mmoja anayeheshimiwa kwenda kuzungumza faragha. Jaribu hilo kwanza, na lile kosa letu la Pongwe likukumbushe namna ya kuingia.

Lakini mtu anayetesa kwa makusudi, anayemmwagia paka maji ya moto au anayepiganisha mbwa, usimbembeleze. Andika tarehe, saa, mahali na ulichokiona, upeleke kwa afisa mifugo na mwenyekiti wa mtaa, na ikibidi polisi. Sheria ya 2008 inalihesabu hilo kuwa kosa.

Nirekodi video nirushe mtandaoni?

Rekodi kama ushahidi, umpe afisa. Usirushe. Tumeona video ya kijana mmoja ikizunguka kwenye simu, akatukanwa mpaka akahama mtaa, na mnyama mwenyewe hakuna aliyekwenda kumwangalia.

Mbwa amegongwa na gari, amevunjika, analia. Tummalize?

Usimguse mdomoni wala usimnyanyue mikono mitupu. Mnyama mwenye maumivu huuma hata bwana wake. Mfunike gunia, zuia watu, mpigie afisa mifugo. Daktari akiona hatapona, anaweza kumlaza kwa dawa bila maumivu, na huko ni kumhurumia. Kupiga mawe kwa zamu, kama tulivyoona, si kummaliza.

Nimekuta kasa ufukweni. Ni wa kwenu pia?

Wa kwetu kwa mapenzi, ila wenye mamlaka ni watu wa hifadhi za bahari na uvuvi. Kasa analindwa kisheria. Akipanda kutaga usiku, zima tochi, kaa mbali, usimkalie njiani. Akinasa kwenye nyavu akiwa hai, kata nyavu umwachie. Wala asiliwe: Machi 2024 kisiwani Pemba watu 9 walikufa baada ya kula nyama ya kasa, na 8 kati yao walikuwa watoto. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa.

Bundi analia juu ya paa langu. Nimuue?

Tunajua hofu hii, wengi tumelelewa nayo. Bundi yuko juu ya paa lako kwa sababu panya wako ndani ya paa lako. Ukimuua, panya wanabaki. Kama sauti inakunyima usingizi, ziba matundu ya dari na uondoe makopo ya nafaka yaliyo wazi. Akikosa panya atahama mwenyewe.

Nimeokota mtoto wa paka ametupwa kwenye boksi. Mnamchukua?

Hatuna nyumba ya kuwatunzia, na tunasikitika kila tunapojibu hivi. Lakini tutakusaidia umtunze wewe mpaka apatikane wa kumchukua.

Kabla ya chakula mpe joto. Mtoto aliyepoa hawezi kusaga chakula, kwa hiyo jaza maji ya uvuguvugu kwenye chupa, izungushie kanga, umlaze pembeni yake. Macho kama bado yamefumba, hajafikisha wiki mbili. Maziwa ya ng'ombe humharisha. Ulizia maziwa ya paka kwenye duka la dawa za mifugo. Mlishe akiwa amelala kifudifudi kama anavyonyonya kwa mama yake, kamwe si chali, kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, hata usiku. Baada ya kila mlo mpanguse sehemu za nyuma kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu mpaka akojoe, maana peke yake bado hawezi. Mama yake alikuwa akimlamba. Na kabla ya yote hayo, rudi pale ulipomwokota, usikilize vizuri. Mara nyingi kuna mwingine.